Mlingoti Uliokuwa Ukitembea

Kapteni hakuwahi kuwa kapteni wa kitu chochote. Alikuwa mwalimu wa useremala, na jina hilo alipachikwa na wanafunzi wake siku alipowaambia kwamba akistaafu ataunda ndege. Walicheka hadi mbavu zikawauma. Ndege akaiunda, yeye na mkewe, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba: ya siti mbili, moja mbele na moja nyuma yake, mabawa ya mbao yaliyovikwa kitambaa, na kigurudumu chini ya mkia. Jina la utani likabaki, ila kicheko kikaisha.

Sasa mke alikuwa amefariki, ndege ilikuwa bado ipo, na daktari wa macho alikuwa amemwambia Kapteni basi. Asirushe tena. Akitaka kwenda juu aende kama abiria, tena abiria wa binti yake mdogo, kwa sababu katika ukoo mzima hakuwapo mwingine mwenye leseni. Binti huyo alikuwa fundi wa mashine za ndege mjini, na watu wote walimwita Fundi, pamoja na baba yake akiwa amemkasirikia.

Fundi alikuja nyumbani mwisho wa wiki akiwa na sharti, na hakulizungusha.

"Baba, Jumapili tunaipima. Ikiruka na watu wawili kabla ya mlingoti, inabaki, na mimi nitakuwa nakuja kukurusha. Isiporuka, tunaiuza."

"Sawa," Kapteni akasema.

Alikubali upesi mno. Mzee anayebishana na redio mpaka inazimwa, akisema sawa bila hata kukohoa, mtu mwenye akili angejiuliza kuna nini. Fundi hakujiuliza. Alikuwa amechoka na safari, na kusema kweli hakutaka kabisa ndege ile iuzwe, kwa hiyo jibu lililomfaa alilipokea bila kuligeuza upande wa pili.

Huo mlingoti unahitaji maelezo. Ndege ya mkia chini ikiwa ardhini hukaa imeinua pua kama mtu mwenye maringo, na rubani haoni njia iliyo mbele yake, anaona mashine na mbingu. Wengi huinua mkia mapema wakishaanza kukimbia ili waone. Kapteni alikuwa na mtindo wake wa uwanja mfupi: mkia unabaki chini mpaka ndege iache ardhi yenyewe. Kwa mtindo huo mtu haoni mbele toka mwanzo hadi mwisho, anaona ubavuni tu. Ndiyo maana pembeni mwa uwanja, mkono wa kushoto, palisimama mlingoti wenye kitambaa chekundu. Sheria yake haikuwa na mjadala. Mlingoti ukipita dirishani na magurudumu bado yanaburura nyasi, rudisha mkono wa mafuta, shika breki, rudi ukanywe maji. Ukipita na magurudumu yako hewani, endelea. Fundi aliijua sheria hiyo kabla hajajua kuendesha gari, na aliuamini mlingoti ule kuliko alivyoamini saa yake.

Mwisho wa uwanja palikuwa na ukuta wa mawe. Zamani haukuwapo. Aliujenga shemeji yake Fundi, mume wa dada yake mkubwa, aliponunua shamba la pili na kuanza kufuga. Alisema anaogopa ng'ombe wake wasije wakala mabawa.

Jumamosi Fundi alishinda bandani. Alifungua mashine, akaikagua silinda moja baada ya nyingine, akabadilisha plagi. Mashine ilikuwa mzee mwenye afya: nguvu zimepungua, lakini hakuna kilichokufa. Kisha akafika kwenye propela, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Propela ile ilikuwa na mapanga mawili ya mbao yaliyobanwa kitovuni kwa boliti. Boliti zikilegezwa, panga linaweza kuzungushwa kwenye shina lake, likalala au likasimama. Panga likilala hukata hewa vipande vyembamba. Mashine inazunguka haraka, ndege inaondoka upesi, lakini ikishafika juu inapiga makelele na haikimbii. Panga likisimama hung'ata matonge makubwa. Juu unakwenda mbali kwa utulivu, ila kuondoka ardhini ni shughuli pevu. Ni mambo ya gia tu, ya mlimani na ya barabarani, isipokuwa ndege hii ilikuwa na gia moja, na ukishaichagua ukiwa chini ndiyo utakayokwenda nayo. Mapanga ya Kapteni yalikuwa yamesimama kweli kweli.

"Baba, haya nayalaza kidogo. Mashine imezeeka na wewe unaibebesha mzigo wa ujana wake."

"Usiyaguse."

"Nyuzi mbili tu."

"Hata nusu. Pembe hiyo alichagua mama yako."

Fundi aliijua hadithi yenyewe, kila mtu nyumbani aliijua. Ndege ilipokamilika mama alipanda mara moja, akashuka ameziba masikio, akasema yeye hawezi kukaa huko juu kama gunia. Anataka kuongea. Kapteni akayasimamisha mapanga, akaruka, akashuka, akayasimamisha tena, mpaka mashine ikawa inanguruma taratibu. Toka siku hiyo wakawa wanaongea. Ardhini Kapteni alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu, lakini akishika usukani wa ndege alifunguka: shule, watoto, dari inayovuja, mambo aliyoyaogopa, hata yale ambayo mwanamume wa umri wake huyameza. Alisema akiwa ametazama mbele, na mkewe kutoka siti ya nyuma aliinama karibu na sikio lake akaitikia: "Ehee." Kapteni alikuwa akiwaambia watu kwamba ndoa yake ilifungwa chini lakini iliongelewa juu.

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo isemwavyo. Katika banda lile mambo yalikuwa kinyume, la asiyekuwepo ndilo lililotawala. Fundi aliirudisha spana mahali pake. Alijisemea kwamba hakuna haja ya kugombana na mzee juu ya marehemu, mlingoti utaamua kesho.

Jumapili asubuhi hewa ilikuwa imetulia. Fundi aliamua kupima kwanza na shemeji yake, kwa kuwa uzito wa shemeji na wa mzee ulikuwa ule ule, tofauti ni pale Mungu alipouweka: wa mzee ulikuwa mabegani, wa shemeji ulikuwa mbele.

"Nenda peke yako kwanza," Kapteni akasema.

"Nikienda peke yangu nitakuwa nimepima nini?"

"Shemeji yako ana mwili."

"Na wewe Baba una nini, kivuli?"

Shemeji alishaanza kujisokomeza kwenye siti ya nyuma. "Mzee, usiwe na wasiwasi. Mimi ni mzigo mzuri. Mzigo unaojipakia wenyewe."

Kapteni akashika bawa, akaliachia. Aligeuka akaenda kukaa juu ya pipa tupu pembeni mwa banda, uso ameuelekeza nyumbani.

Fundi alisukuma mafuta yote. Ndege ikaanza kwa uvivu, mapanga yakihangaika na matonge yao, nyasi zikipita dirishani polepole, kisha haraka kidogo, kisha haraka. Alishikilia mkia chini kama alivyofundishwa. Magurudumu yakawa mepesi, yakagusa, yakaacha, yakagusa, yakaacha. Kitambaa chekundu kikapita dirishani. Walikuwa hewani, kwa nafasi ya kupitisha kiatu. Sheria ilisema endelea, naye akaendelea.

Mbele aliona mbingu tu. Alipotupa jicho ubavuni aliona mawe. Aliona jiwe lenye kuvu ya kijani, na mahali shemeji yake alipoziba ufa kwa saruji mbichi akaacha alama ya kiganja. Hakuna rubani anayepaswa kuona kiganja cha mwashi. Kitu fulani kilikwaruza chini ya mkia, ng'ombe wakatimka kila upande, kisha ardhi ikaanza kushuka taratibu. Fundi akazunguka uwanja, akatua, akazima mashine, akabaki ameshika usukani wa ndege ambayo haiendi popote.

Shemeji alishuka kwa shida, akajipapasa kama anayehakikisha kwamba ameteremka mzima.

"Shemeji, ule ukuta niliujenga mwenyewe jiwe kwa jiwe, lakini leo ndiyo nimeuona vizuri."

"Uko salama? Nilikuuliza kule juu hukunijibu."

"Uliniuliza? Niliona shingo inachezacheza, nikadhani unasali. Nikakuacha umalize."

Alicheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka, akaenda zake nyumbani kwa mkewe akitembea karibu karibu na ua.

Kwa sharti walilowekeana, ndege ilikuwa imeshinda. Iliruka kabla ya mlingoti. Lakini kiganja cha mwashi kilikuwa bado machoni pa Fundi, na mlingoti haukupaswa kumfikisha karibu kiasi hicho. Akashika njia ya uwanjani kwa miguu, kutoka bandani kuelekea mlingotini, akipitia kwenye ukingo ambako majani hayakatwi.

Alijikwaa. Chini ya majani palikuwa na kipande cha bomba la chuma kimezikwa wima, mdomo ukiwa sawa na ardhi. Alikitambua. Mlingoti haukuchimbiwa moja kwa moja, ulichomekwa kwenye bomba kama hilo, ili ung'olewe siku ya kufyeka. Bomba hili lilikuwa limeachwa, limejaa udongo na sisimizi. Akasogea mbele akiburuta kiatu kwenye majani, akakuta la pili. Akasogea, akakuta jingine. Mlingoti wenyewe ulikuwa kwenye bomba la mwisho, jipya, halijapata hata kutu, na ukuta ulikuwa pale pale, karibu.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya Kapteni ilikuwa inarefuka kila mwaka. Kila mashine ilipozidi kuchoka na ndege kuchelewa kuruka, mzee hakugusa mapanga, alihamisha alama. Ilikuwa kama mgonjwa anayechora upya namba kwenye kipimajoto.

Fundi aling'oa mlingoti, akaubeba begani mpaka bandani, akauweka miguuni pa baba yake.

"Umeuhamisha mara ngapi?"

"Kila ilipochelewa."

"Baba, mlingoti ndio unaoiambia ndege. Si ndege inayouambia mlingoti. Nani alinifundisha hivyo?"

Kapteni akageuza uso, akatazama nyumbani.

"Nani?"

"Nikiwa peke yangu ilikuwa inatosha. Ukuta naupita mbali."

"Leo nilikuwa peke yangu?"

"Nilikwambia uende peke yako."

"Ukaniambia kwa nini? Ulikaa hapa umetupa mgongo! Ungetuua, Baba. Mimi na baba wa wajukuu zako. Ungekwenda kumwambia nini dada?"

Kapteni alikitazama kitambaa chekundu kilichokuwa kimelala juu ya kiatu chake. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo lilimuumiza Fundi zaidi kuliko kama angelia.

"Niliona aibu. Nilisema labda itaruka mapema, nisiaibike. Hiyo ndiyo kweli, sina nyingine. Na mapanga, ningeyalazaje? Mimi nikiwa juu bado naongea naye. Najua nyuma hakuna mtu, yaliyoharibika ni macho, siyo akili. Lakini mashine ikinguruma vile vile kama zamani, maneno yanakuja. Nikiyalaza itapiga kelele, basi. Nitakuwa nimemfukuza."

Fundi alitamani kukaa chini karibu naye. Hakukaa, kwa sababu alijua akikaa atalainika, na ukuta wa mawe haulainiki.

"Chagua, Baba. Mapanga yalale, au ndege iende."

Kuku alipita, akadonoa boliti iliyodondoka, akaona si chakula, akaendelea na safari yake. Hatimaye Kapteni aliinuka kwenye pipa, akalilaza, akaanza kulisukuma kwa mguu kuelekea kwenye mkia wa ndege.

"Njoo unisaidie kuinua," akasema. "Pua ikiwa juu kipimo kinadanganya."

Waliuinua mkia wakauweka juu ya pipa, ndege ikakaa sawa, kitovu cha propela kikasimama wima. Fundi akalegeza boliti. Aliweka kipimo chake cha chuma mgongoni mwa panga la kwanza, na baba yake akalishika panga kwa mikono miwili. Alilizungusha mwenyewe, polepole, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

"Sema."

"Bado. Bado. Hapo."

La pili wakalipima mara tatu, maana mapanga yasipolingana ndege hutetemeka kama mtu mwenye homa. Boliti zikakazwa. Walipoiwasha, mashine ilipanda juu kwa sauti kali, kuku wote wakakimbilia uvunguni. Kapteni alikunja uso. Alichukua mlingoti, akaenda nao mwenyewe uwanjani, akausafisha mdomo wa bomba la kwanza kwa kidole, akauchomeka pale.

Kisha akapanda siti ya nyuma. Alikuwa hajawahi kuikalia hata siku moja. Yeye ndiye aliyeunda siti ile, akapigilia misumari yake, akaipima kwa kiuno cha mkewe, lakini alikuwa mtu wa mbele siku zote. Alihangaika na miguu, hakujua inakaa wapi. Fundi akamfunga mkanda.

Safari hii nyasi hazikupata muda wa kupita polepole. Mashine ilipiga ukelele, ndege ikaruka kama iliyokanyaga kaa la moto, na kitambaa chekundu kilipofika dirishani kilikuwa chini, mbali chini, kinatikisika. Ukuta ukawa mstari tu. Shemeji alikuwa amesimama juu yake na watoto wake, anapunga kofia.

Huko juu kelele zilikuwa mbaya kama mzee alivyosema. Fundi alivumilia mpaka wakapata kimo cha kutosha juu ya nyumba, kisha akarudisha mafuta karibu yote. Mashine ikanyamaa. Ilibaki sauti ya upepo tu, na ndege ikawa inateleza chini kwa utulivu ambao hata siku za mama haikuwa nao. Fundi aliona ndiyo nafasi. Akaongea, ametazama mbele, kwa sababu kuna maneno ambayo ni rahisi kuyasema ukiwa umetazama mbele. Alimwambia baba yake kwamba hasira yake ilikuwa hofu. Alimwambia kwamba na yeye, akiwa peke yake karakanani, huongea na mama. Alimwambia kwamba ndege haiuzwi, atakuja.

Baba yake akainama kutoka nyuma, karibu na sikio lake.

"Ehee," akasema.

Fundi alitua akiwa haoni vizuri mahali magurudumu yanapogusa, kwa machozi, na kwa bahati nyasi zilikuwa laini. Akazima. Akamsaidia mzee kushuka.

"Nashukuru umenisikia, Baba. Nilikuwa nimekaa nayo siku nyingi."

"Nimesikia nini?"

"Niliyosema. Kule juu, nilipopunguza moto."

"Wapi! Pale nyuma husikii kitu. Upepo wa mlangoni unakula maneno yote. Niliona shingo yako inacheza, nikajua mtoto anasema jambo, nikaitikia."

Akapiga hatua moja. Ya pili hakuipiga. Alibaki ameshika mhimili wa bawa, ametazama siti ya nyuma, na Fundi aliona jambo likimfikia baba yake taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

"Ulikuwa umezima kelele," Kapteni akasema.

"Karibu zote."

"Zaidi ya zamani."

"Zaidi sana."

"Kwa hiyo mama yako..."

Mabega yalianza kutikisika, na Fundi akamshika mkono akidhani mzee analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, mgongo kwenye gurudumu, na machozi yakaja yenyewe, akayaacha yateremke.

"Miaka yote ile," akasema. "Yote ile! Nilimwambia mambo, Fundi, ambayo sikumwambia hata padri. Nikasema huyu mwanamke ana moyo, hakunihukumu hata mara moja. Kumbe alikuwa anaitikia shingo."

"Labda alisikia kidogo, Baba."

"Hakusikia kitu. Umesahau mimi nimetoka kukaa pale?" Akafuta uso kwa kiganja. "Alijua nasema. Akaona hiyo inatosha."

Fundi akakaa karibu naye, kwenye nyasi. Sasa hapakuwa na ukuta wa kuogopa. Mashine ilikuwa inapoa, inatoa vimlio vidogo vya chuma.

"Haya," Kapteni akasema. Akageuka kabisa, akamtazama usoni kwa yale macho yake mabovu. "Ulisema nini kule juu?"

Fundi akaanza upya, toka mwanzo.

"Ehee," baba yake akasema, na safari hii alikuwa anasikia.